Taarifa Ikifika Mwisho wa Reli

Tangu reli ya kati ilipofika Ziwa Tanganyika mwaka 1914, habari zilizoingia Kigoma zilikuwa na wabebaji wanaojulikana. Barua na magazeti vilishuka na treni kutoka Dar es Salaam, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200. Habari za Kasanga na Mpulungu zilipanda na meli ya Liemba, iliyokuwa ikipita vijiji vya mwambao huku mitumbwi ikiifuata kuchukua abiria na mizigo. Habari za waliofia mbali zilisomwa redioni na watangazaji ambao hata watoto waliwatambua kwa sauti. Nilikulia Ujiji, baba yangu akiwa mfanyakazi wa reli, na ninakumbuka kwamba mtu akileta habari nyumbani, swali la kwanza la baba lilikuwa moja daima: nani amesema? Msemaji akishatajwa, baba aliweza kuamua aamini kwa kiasi gani, na kama alikuwa na shaka alijua aende akabishe hodi mlango upi.

Nimefundisha shule ya msingi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na baada ya kustaafu nilifungua steshenari ndogo karibu na soko la Mwanga, mjini Kigoma. Steshenari ya leo inauza kalamu na madaftari, lakini kazi yake kubwa ni nyingine. Ndipo wanapokuja watu wasio na kompyuta, wasio na simu janja, au wasiojiamini mbele ya fomu ya mtandaoni, ili waombe ajira, mkopo wa masomo au uhakiki wa cheti cha kuzaliwa, na ili waangalie matokeo ya mitihani ya watoto wao. Kwa kukaa kwenye kiti hicho nimejifunza jambo ambalo sikulisikia katika hotuba nyingi za maendeleo ya teknolojia. Tuliambiwa kwamba intaneti itamwondoa mtu wa kati, kila mwananchi aipate taarifa moja kwa moja kutoka kwenye chimbuko lake. Kwetu haikuwa hivyo. Mtu wa kati yupo, ameongezeka, na mara nyingi amefichwa, na nimeona mara kwa mara kwamba taarifa humfaa au humdhuru mwananchi kutegemea kama mtu huyo anaonekana na anaweza kuulizwa.

Mabadiliko yenyewe yalikuja kwa hatua. Zilitangulia simu za mkononi, kisha kutuma pesa kwa simu, huduma iliyoanza nchini mwaka 2008 na kuwaondolea wafanyabiashara wa dagaa hofu ya kumkabidhi abiria wa treni bahasha ya noti. Mwaka 2009 waya wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam, mwaka uliofuata ukaanza kazi ule wa EASSy, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukawa njia ya kuusogeza uwezo huo mikoani. Kigoma ilikuwa mbali na bahari na mbali pia na gridi ya Taifa ya umeme. Kwa miaka mingi tulitegemea majenereta ya dizeli, na mwenye simu aliyekaa kijijini aliichaji kwa sola au kwa kulipia dukani.

Hata hivyo, huduma iliyogeuza mazungumzo ya ukoo wetu kuliko zote ni ujumbe wa sauti. WhatsApp iliweka uwezo huo mwaka 2013, nasi tulianza kuutumia baadaye, simu janja za bei nafuu zilipozagaa. Shangazi yangu anaishi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kasulu. Hakupata nafasi ya kwenda shule, na katika maisha yake yote kila barua aliyoipokea ilisomwa na mtu mwingine, na kila neno alilotaka kutuma liliandikwa na mtu mwingine. Nilipokuwa kijana nilikuwa mwandishi wake, na ninajua ni mambo mangapi ya moyoni aliyaacha kwa sababu hakutaka yapite mikononi mwa mtoto wa kaka yake. Leo anabonyeza alama ya kipaza sauti na kuzungumza Kiha chake, kwa mwendo wake, akinyamaza anapotaka kunyamaza, na binti yake aliyeolewa Tabora anamsikia kama alivyo. Kwa watu kama shangazi, huduma hii imefungua mlango ambao miaka mingi ya kampeni za kisomo haikuwafungulia, nami nasema hivyo nikiwa mwalimu niliyefundisha madarasa ya watu wazima na kuyaheshimu.

Mlango huohuo uliingiza jambo jingine. Siku moja ulifika katika kundi la ukoo ujumbe wa sauti wa mwanamume anayelia, akisema kwamba ndugu yetu anayefanya kazi Dar es Salaam amefariki kwa ajali. Jina lilikuwa lake, mtaa ulikuwa wake. Kabla ya saa moja kupita, nyumbani kwa wazazi wake maturubai yalikuwa yamefungwa, majirani wameleta mikeka na kuni, na wanawake wameshaanza kulia. Nilifika nikauliza swali la baba yangu. Kila niliyemuuliza alinitajia mtu aliyemtumia, na huyo alimtaja mwingine, na mnyororo ulipofika kwa mkwe mmoja wa Nzega ukakatika, kwa sababu yeye aliupokea katika kundi la abiria wa basi ambalo hakumjua hata mmoja wa wanachama wake. Ndugu yetu alipatikana kwa simu jioni, mzima, akiwa kazini tangu asubuhi na simu yake ikiwa imezimika. Aliyefariki alikuwa mtu mwingine mwenye jina lilelile. Mama wa ndugu yetu alikuwa ameshaanguka na kupelekwa zahanati.

Sikuona uovu katika tukio hilo. Yule mwanamume alikuwa akimlilia ndugu yake wa kweli, na kila aliyerusha ujumbe ule mbele aliurusha kwa huruma. Kilichokosekana ni mtu hata mmoja katika mnyororo mzima aliyejiona kuwa na wajibu wa kusimama na kuuliza, kwa maana kila mmoja alijiona kuwa mpitishaji tu. Zamani, katika siku za simu za maandishi za posta, karani aliyepokea maneno mabaya kwa ajili ya familia alijulikana kwa sura, na kama jina halikueleweka aliomba lirudiwe kabla hajalipeleka. Karani wa namna hiyo leo ni kila mmoja wetu, na hatukuambiwa kwamba tumeajiriwa.

Baada ya hapo nilianza kuwaonyesha watu alama moja ndogo. WhatsApp huweka mshale juu ya ujumbe uliopokelewa kwa mtu mwingine na kurushwa mbele, na huweka mishale miwili juu ya ujumbe uliorushwa mara nyingi sana. Tangu mwaka 2020 ujumbe wa mishale miwili hauwezi kutumwa kwa zaidi ya mtu mmoja au kundi moja kwa wakati. Uzuri wa alama hiyo ni kwamba haihitaji kusoma. Shangazi anaitambua, na ananiambia kwamba sauti yenye mishale miwili huisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani kupitia ukutani. Nimewaeleza pia kwamba alama hiyo ina mwanya, kwa kuwa mtu akinakili maneno na kuyabandika upya, au akicheza sauti kwenye simu moja na kuirekodi kwa nyingine, mishale hupotea na ujumbe huonekana mpya kabisa.

Mwezi Mei mwaka 2024 tulipata somo kubwa zaidi, na wakazi wengi wa mwambao hawatausahau mwezi huo. Serikali ilikuwa imetangaza kwamba shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zitasimamishwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Zambia, ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Hilo lilikuwa jambo zito kwa mji ambao jina lake halitajwi bila dagaa na migebuka. Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei, siku tatu tu kabla ya kufungwa, nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika sana. Huduma ilirejea kidogo kidogo kwa kupitishiwa njia nyingine kabla nyaya zenyewe hazijatengenezwa, lakini katika siku zile za mwanzo kompyuta zangu zilikuwa zikizungusha duara bila kufungua chochote.

Mimi nilikuwa nimesikia redioni habari ya nyaya, kwa hiyo nilikuwa na maelezo. Katika mwalo wa Kibirizi, ambako kina mama wanaanika dagaa na maboti yanapakia na kupakua, wengi hawakuwa na maelezo, na pengo hilo lilijazwa upesi. Walisema mtandao umezimwa makusudi ili watu wasilalamikie kufungwa kwa ziwa. Walisema kufungwa kumeahirishwa, na kwamba tangazo la kuahirisha lipo ila haliwezi kufunguka kwa sababu ya mtandao. Wengine walisema ziwa litafungwa mwaka mzima, na kwamba baada ya tarehe 15 hata dagaa waliokwisha kukaushwa na kuwekwa stoo watahesabiwa kuwa haramu. Nilistaajabu kwamba mtandao ulipokufa, uvumi haukufa pamoja nao. Uliendelea kwa simu za kawaida, kwa ujumbe mfupi na kwa midomo, na ulizidi nguvu, kwa sababu sasa kila mtu aliweza kusema kwamba ushahidi upo mtandaoni na hakuna aliyeweza kuufungua kuuthibitisha.

Waliopata hasara walikuwa wa pande zote mbili. Kuna mwenye maboti aliyeamini habari ya kuahirishwa, akanunua petroli na kuwabakiza vibarua wake kambini, kisha tarehe ikafika na akalazimika kuwalipa nauli za kurudi makwao kwa pesa ambayo tayari ilikuwa imegeuka mafuta. Kuna mama mmoja, jirani yangu, aliyekuwa na magunia ya dagaa wazuri wa msimu, wale weupe wanaokauka bila mchanga. Alisikia habari ya haramu, akamwuzia mnunuzi mmoja mzigo wote kwa bei ya hofu. Katika miezi mitatu iliyofuata dagaa waliadimika, kama ilivyotarajiwa na kila aliyefikiri kwa utulivu, na aliyenunua ndiye aliyefaidi. Sina ushahidi kwamba mnunuzi yule ndiye aliyeeneza habari ile, kwa hiyo sitamshutumu. Ninachojua ni kwamba yeye alikuwa na mtu wa kumpigia simu na kumwuliza, na jirani yangu hakuwa naye.

Ukweli ulifikaje Kibirizi? Ulifika kwa miguu. Afisa uvuvi alikuja mwaloni pamoja na viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia rasilimali za mwalo, akasimama mahali pa juu, akataja tarehe ya kufungwa na ya kufunguliwa, akaeleza sababu, kisha akaulizwa maswali kwa muda mrefu, mengine kwa hasira, naye akayajibu moja baada ya jingine na akaacha namba yake ya simu. Kila alilolisema lilikuwa limeshatangazwa miezi kadhaa nyuma, na siku zote ambazo mtandao ulikuwa mzima lilipatikana kwa yeyote mwenye bando. Lakini wengi wa waliokuwa pale walilisikia kwa mara ya kwanza siku ile, au tuseme walilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtu waliyeweza kumwuliza, "Na mimi mwenye mzigo stoo, je?" Tangazo la mtandaoni lilikuwa limeeleza kila kitu isipokuwa jibu la swali hilo la kila mmoja.

Baada ya ziwa kufunguliwa, baadhi ya kina mama wa Kibirizi wenye kundi la WhatsApp la biashara waliniomba niwe katibu wao, kwa kuwa wengi niliwafundishia watoto. Tulikaa chini tukajiwekea taratibu. Anayeleta habari ya bei, ya mzigo au ya ziwa ataje jina lake, mahali alipo na wakati aliposhuhudia. Anayeleta habari ya mwingine amtaje huyo mwingine. Habari inayohusu amri yoyote ya serikali haiwekwi hadi mmoja wetu awe amepiga simu ofisi inayohusika na kutaja aliyezungumza naye. Wenye vitochi, yaani simu ndogo zisizo na WhatsApp, ambao hawamo katika kundi hupelekewa ujumbe mfupi na mwanachama anayekaa nao jirani, na mwanachama huyo anajulikana.

Taratibu hizi zina gharama, nami sitaki kuificha. Bei ya dagaa Dar es Salaam inaweza kubadilika kati ya asubuhi na jioni, na habari inayosubiri kuthibitishwa inaweza kufika ikiwa imechelewa. Baadhi ya wanachama walituacha wakajiunga na kundi jingine kubwa, lenye watu kutoka Mwanza hadi Lubumbashi, ambalo huwaka usiku na mchana. Mmoja wao aliniambia waziwazi, "Mwalimu, ninyi ni wakweli lakini ni wazito." Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Baada ya muda alirudi, bila kuliacha lile jingine, na sasa huleta habari kutoka kule na kutuomba tuipime. Nadhani hivyo ndivyo wafanyabiashara wengi watakavyoishi, wakiwa na mahali pa kusikia haraka na mahali pengine pa kuuliza.

Nirudi kwenye steshenari, kwa sababu huko ndiko mtu wa kati anakoweza kufanya madhara makubwa kimyakimya. Kila mwaka dirisha la maombi ya mikopo ya elimu ya juu linapofunguliwa, vijana huja kutoka Buhigwe, Uvinza, Kasulu na vijiji vya mwambao. Maombi yenyewe ni ya mtandaoni, na ni jambo jema, kwa kuwa mtoto wa Kagunga hahitaji tena kusafiri hadi Dar es Salaam. Lakini ndani yake kuna hatua nyingi: kuhakiki cheti cha kuzaliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na cheti cha kifo kwa aliyefiwa na mzazi, kulipia kwa namba ya malipo, kupakia nakala, kupata sahihi za wadhamini. Alikuja binti mmoja yatima ambaye baba yake alifariki akiwa mdogo. Alikuwa ameshaanza maombi yake katika steshenari nyingine, na mhudumu wa huko, ili kazi iende haraka, alimfungulia akaunti kwa barua pepe ya steshenari, kwa namba ya simu ya steshenari na kwa nywila ambayo binti hakuambiwa. Sasa kulikuwa na kasoro katika kiambatisho kimoja na ilitakiwa irekebishwe, na taarifa ya kasoro hiyo ilitumwa kwenye simu isiyo yake. Mhudumu alikuwa ameacha kazi. Binti alisafiri, akasubiri, akarudi, na siku zilikuwa zikiyoyoma.

Tulipiga simu huduma kwa wateja, tukaeleza, tukatuma vielelezo, na baada ya kuhangaika kwa siku kadhaa akaunti ikarudi mikononi mwake dirisha likiwa karibu kufungwa. Lakini niliumia sana. Binti huyu alikuwa na haki ya mkopo, alikuwa na vyeti vyote, taarifa zote zinazomhusu zilikuwa zimo katika mfumo, na bado alikuwa nje ya mlango wa jambo lake mwenyewe kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwa mtu mwingine. Ni jambo la kawaida kabisa katika kazi yetu. Wengi hulifanya kwa nia njema, kwa kuwa mteja hana barua pepe, simu yake ni kitochi, na foleni ni ndefu. Wengine hulifanya ili mteja alazimike kurudi kulipa tena.

Katika steshenari yangu sasa hakuna akaunti inayofunguliwa kwa namba isiyo ya mteja. Asiye na simu humleta mzazi au ndugu mwenye simu. Nywila huandikwa na mteja mwenyewe kwa mkono wake, kwenye karatasi anayoondoka nayo, na kabla ya kuondoka ninamtaka afungue akaunti yake peke yake huku mimi nikiwa nimekaa pembeni. Hiyo huchukua muda, na wapo wanaokasirika. Jioni ninafuta kila nakala iliyobaki kwenye kompyuta. Wasiofanya kazi hii hawajui ni kiasi gani cha maisha ya watu hubaki kwenye mashine za steshenari: vitambulisho vya Taifa, vyeti vya ndoa, barua za wagonjwa, picha za pasipoti, vyote vikiwa vimeachwa wazi kwa mteja anayefuata. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, lakini kwa yule binti sheria hiyo inaanza pale mhudumu anapokumbuka kufuta.

Lugha nayo ni kikwazo ambacho hakistahili kuwepo. Tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa kuwa lugha ya sheria na mahakama nchini, hatua niliyoifurahia sana, lakini fomu nyingi za mtandaoni zinazojazwa na watoto wa wakulima wa michikichi bado zinauliza maswali kwa Kiingereza. Kijana anajaza mahali pa hali ya ajira ya mzazi bila kujua ameulizwa nini, mhudumu anamchagulia jibu, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama atasoma. Fomu ya Kiswahili ingepunguza nguvu ya mtu wa kati kuliko mnara wowote mpya, na haihitaji kuchimba hata mtaro mmoja.

Hivi karibuni vijana wameanza kuja na majibu waliyoyapata kwa akili mnemba. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa mwaka 2022, huduma za aina hiyo zimejifunza Kiswahili fasaha, na hilo si dogo kwa mwanafunzi aliyekuwa akihangaika na Kiingereza cha vitabu. Nimemwona kijana akieleweshwa hesabu ya kidato cha tatu kwa subira ambayo walimu wachache wanayo baada ya vipindi vya siku nzima. Lakini nimemwona pia mwingine akinionyesha, kwa uhakika wote, tarehe ya mwisho ya maombi ambayo ilikuwa ya mwaka uliopita. Jibu lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa adabu, bila kusitasita. Nilipomwuliza nani amesema, alinionyesha kioo cha simu. Hapo niliona kwamba mnyororo uliokatika kwa mkwe wa Nzega angalau ulikuwa na watu ndani yake, na huu haukuwa na wa kumrudia. Ninawaambia waulize, wajifunze, kisha kwa jambo lenye tarehe, pesa au dawa, watafute tangazo lenyewe au mtu wa ofisi husika.

Kuna mazungumzo mengi sasa kuhusu intaneti ya satelaiti. Zile za Starlink huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita mia kadhaa tu, wakati satelaiti za zamani za mawasiliano zilikaa karibu kilomita 36,000 juu, na ndiyo sababu mpya hujibu upesi zaidi. Majirani zetu wa Rwanda walianza kuipata mwaka 2023 na Burundi mwaka 2024, nasi watu wa mpakani tunaisikia habari yake kila siku. Kwa vijiji vya kusini kama Buhingu na Kalya, ambako milima ya Mahale inazuia minara na boti ndiyo barabara, huduma ya namna hiyo ingekuwa neema kubwa, na ninatamani ifike kwa bei wanayoiweza. Lakini sahani juu ya paa la shule haitamtaja afisa wa kumpigia simu wala haitawasomea wasiojua kusoma.

Kwa sasa, kundi letu la Kibirizi limerudi kwenye karatasi kwa ajili ya vijiji hivyo. Kukiwa na tangazo linalowahusu, kama ratiba ya chanjo, bei ya mzigo au tarehe za ziwa, ninalipiga chapa kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, chini naweka jina la ofisi iliyotoa, jina la mwanachama wetu aliyethibitisha na namba yake, kisha nahodha wa boti la abiria huichukua na kuibandika katika kila kituo anachotia nanga. Mwanzoni nahodha mmoja alikataa kubeba hadi aone sahihi, akisema huko aendako atakayeulizwa ni yeye. Tukaweka sahihi. Sasa simu zinaingia kutoka kusini, watu wakipanda mlimani kutafuta mtandao ili wapige, na maswali yao mengi hayahusu kabisa tangazo tulilolituma. Wanauliza namna ya kuhakiki cheti, gharama ya kusajili boti, na kama ni kweli mtu fulani aliyewapigia akidai anatoka benki anatoka benki. Mama aliyekubali namba yake iwekwe chini ya tangazo la mwisho ameomba tumwongezee msaidizi wa kupokea simu, na katika kikao kijacho tutamchagua.